Somo la Kompyuta: Wimbo Umenyamaza Baada ya Mchezo

Vikundi vingi vina kompyuta moja tu, mara nyingi ya kupewa au ya mkono wa pili, na kazi zake ni nyingi. Asubuhi mweka hazina anaandika hesabu za meri-go-raundi. Jioni kwaya inaitumia kujifunza sauti za wimbo mpya. Katikati hapo vijana wamepata nafasi, wakacheza mchezo wa zamani. Sasa kwaya inafika, wimbo unafunguliwa, dakika zinahesabika kwenye kioo, lakini sauti hakuna hata kidogo.

Basi lawama zinaanza: vijana wameharibu kompyuta! Anaitwa fundi. Fundi mwenye haraka atasema kadi ya sauti imekufa, inunuliwe nyingine, au diski ifutwe na Windows iwekwe upya. Hapo ndipo hasara kubwa inapoingia, maanake diski ikifutwa bila kunakili kilichomo, hesabu za kikundi zinapotea pamoja na ule mchezo.

Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Mchezo umeteremsha sauti ya muziki wake, ukaondoka bila kuirudisha. Ni kazi ya dakika tano kwa mtu anayejua pa kutazama, na mtu huyo anaweza kuwa mama wa kwaya au kijana yeyote.

Faili ya MIDI haina sauti ndani yake

Tuanze hapa, kwa sababu ukielewa jambo hili mengine yote yatakuwa rahisi. Wanakwaya wanaijua karatasi ya solfa. Karatasi yenyewe haiimbi. Inasema tu: hapa do, hapa mi, shika pigo mbili, sasa besi waingie. Bila waimbaji, karatasi ni kimya. Kaseti ni tofauti, kwa kuwa imebeba sauti zenyewe za watu walioimba siku ile.

Faili ya MIDI ni ile karatasi ya solfa. Ndani yake kuna amri tu: piga noti hii, kwa nguvu hii, kwa kinanda au kwa tarumbeta, sasa iachilie. Faili ya MP3 au WAV ndiyo kaseti. Utaona tofauti ukitazama ukubwa wake. Wimbo wa dakika tatu katika WAV ya ubora wa CD unachukua kama megabaiti 30, katika MP3 ya kawaida kama megabaiti 3, lakini katika MIDI mara nyingi haufiki hata kilobaiti 100. Ndiyo maana watengenezaji wa michezo wa miaka ya 1990 waliipenda, kwa kuwa diski za wakati ule zilikuwa ndogo.

Mpango huu wa MIDI ulitoka mwaka 1983, baada ya watengenezaji wa vinanda vya umeme kama Roland ya Japani na Sequential Circuits ya Marekani kukubaliana vyombo vyao viongee lugha moja. Mwaka 1991 ukaongezwa utaratibu wa General MIDI, unaotaja vyombo 128 kwa nambari. Kwa hiyo nambari 1 ni piano popote utakapopeleka wimbo wako.

Sasa, nani anaimba hiyo karatasi? Ndani ya Windows kuna programu inayoitwa Microsoft GS Wavetable Synth. Hiyo ndiyo kwaya ya kompyuta. Mchezo ukiwa na muziki wa MIDI unaitumia kwaya hiyo hiyo moja mnayoitumia ninyi. Mchezo ukiiambia "imbeni polepole kabisa" kisha ukafungwa, katika Windows za zamani kwaya inabaki hivyo. Wimbo wenu unapokuja, waimbaji wapo na wanaimba, ila hawasikiki.

Kutafuta kosa

Kabla ya kugusa kitu, fungua wimbo wa MP3 au weka CD. Ukisikika, basi spika, waya na kadi ya sauti ni nzima. Usikubali kuuziwa kadi! Usiposikika, kosa si la MIDI. Tazama waya, umeme wa spika, na sauti kuu ya kompyuta.

Kama MP3 inalia na wimbo wenu wa MIDI umenyamaza, jaribu MIDI nyingine. Windows XP na kadhaa zilizofuata zina nyimbo za majaribio ndani ya folda ya Media, iliyo ndani ya folda ya Windows. Moja inaitwa onestop, nyingine flourish. Hizo nazo zikinyamaza, faili yenu haina kosa lolote. Kwenye XP kuna njia nyingine ya kujaribu ambayo vijana wataifurahia: ule mchezo wa Pinball uliokuja na XP una muziki wa MIDI. Ufungue, uwashe muziki kwenye orodha ya "Options". Milio ya mpira ikisikika na muziki usisikike, umelipata kosa lako.

Sasa tuirudishe sauti. Kwenye XP, bonyeza mara mbili picha ya spika iliyo chini kulia karibu na saa. Isipokuwepo, nenda "Start", kisha "Run", andika sndvol32. Litafunguka dirisha lenye vidude kadhaa vya kupandisha na kushusha sauti. Tafuta kilichoandikwa "SW Synth". Usipokiona, fungua "Options" halafu "Properties", ukitie alama kionekane. Mara nyingi utakikuta kimelala chini kabisa, au kijisanduku cha "Mute" kina alama. Kipandishe, ondoa alama, kisha jaribu wimbo tena.

Kwenye Windows 7 na 10 usipoteze muda kutafuta SW Synth. Tangu Vista, iliyotoka mwaka 2007, kila programu ina kidude chake. Wacha wimbo ucheze, kisha bonyeza picha ya spika kwa kitufe cha kulia cha mausi na uchague "Open Volume Mixer". Programu ikiwa imefungwa, kidude chake hutakiona, na hili huwachanganya wengi. Huku mchezo wa zamani ukishusha muziki wake unaweza kushusha sauti yake yote, hata milio ya risasi, na Windows itakumbuka hivyo hata kesho.

Kama vidude vyote viko juu na bado kimya

Kwenye XP kuna mahali pa pili pa kutazama. Fungua "Control Panel", kisha "Sounds and Audio Devices", kisha ukurasa wa "Audio". Chini utaona sehemu ya "MIDI music playback". Hapo panatakiwa pawe na Microsoft GS Wavetable SW Synth. Kijana aliyefuata maelekezo ya mchezo wa zamani huenda alichagua MPU-401, na hiyo inapeleka amri nje, kwenye tundu la nyuma ya kasha. Kama hakuna kinanda kilichounganishwa pale, ni sawa na kupeleka karatasi ya solfa kwenye chumba kisicho na watu. Kuanzia Vista ukurasa huo hauna tena sehemu hiyo.

Pengine mchezo wenyewe haukufa. Dirisha limetoweka lakini programu bado inakimbia kwa siri na imeishikilia kwaya. Bonyeza Ctrl, Alt na Del kwa pamoja, fungua "Task Manager", utafute jina la mchezo na uufunge. Asiyetaka hayo yote azime kompyuta kwa njia ya kawaida na kuiwasha tena.

Wenye kinanda cha umeme kilichounganishwa na kompyuta wana taabu yao nyingine. Katika MIDI kila noti ina amri mbili, ya kuanza na ya kuacha. Mchezo ukikatwa ghafula, kwa mfano umeme umepotea kwenye kompyuta na kinanda kinatumia betri, amri ya kuacha haifiki, na kinanda kinabaki kikilia noti moja bila kukoma. Au piano imegeuka filimbi. Kizime kinanda, ukiwashe tena.

Kwa wanaocheza

Sioni haja ya kuwapiga marufuku vijana. Wengi wao ndio watakaokuwa mafundi wetu. Ila wafunge mchezo kwa kutumia "Exit" au "Quit", wala si kwa swichi ya ukutani. Michezo ya DOS inayochezwa ndani ya programu ya DOSBox ina njia nzuri zaidi: katika "Setup" ya mchezo, kwenye muziki, wachague Adlib au Sound Blaster badala ya General MIDI. Muziki utakuwa mkavu kidogo, lakini DOSBox itautengeneza yenyewe na kwaya ya Windows haitaguswa.

Neno pembeni: Microsoft iliacha kuitunza XP mwaka 2014. Kompyuta ya namna hiyo inafaa kwa nyimbo na mafunzo, lakini isiunganishwe na intaneti kwa mambo ya pesa. Na fundi akija kwa sababu yoyote ile, mweka hazina anakili hesabu kwenye flashi kwanza, kasha likiwa bado halijafunguliwa.

Kazi ya kikundi

Mkikutana mara nyingine, mmoja wenu ashushe SW Synth, au kidude cha programu ya nyimbo, wengine wakiwa nje. Kisha wanachama wawili ambao hawajazoea kompyuta waitwe, wapewe wimbo wa MP3 na wa MIDI, watafute kosa. Anayejua akae mbali na mausi.