SOMO LA KILIMO: Vanila, Okidi ya Kivulini Inayotaka Subira

Wakulima wengi wa Kwale wana pembe ya shamba ambayo wameiacha hivi hivi kwa sababu ina kivuli. Mahindi hayafanyi vizuri pale, kunde hujaa majani bila maua. Kwa hiyo anapotokea mtu na habari za vanila, zao linalopenda kivuli na linalouzwa kwa bei kubwa ng'ambo, masikio husimama. Miche hununuliwa kabla ya maswali kuulizwa.

Somo hili linajibu maswali hayo mapema. Vanila inaweza kulimwa katika baadhi ya sehemu za kaunti yetu, lakini huchukua takriban miaka minne kabla ya kumpa mkulima pesa, na bei yake hupanda na kushuka vibaya. Anayeyajua haya mapema atapanda kwa kipimo chake.

Ni mmea gani?

Vanila ni okidi, jamaa ya yale maua yanayoota juu ya miti msituni. Asili yake ni Mexico na nchi jirani za Amerika ya Kati. Ni mmea unaotambaa na kupanda juu ya mti mwingine, wenye majani manene na mizizi inayoshika gome. Matunda yake ni marefu na membamba mithili ya maharagwe mabichi, na yakikaushwa vizuri ndiyo hutoa ile harufu tamu tunayoijua kwenye keki na aiskrimu.

Pwani yetu ina vanila yake ya mwituni, isiyo na majani na yenye maua meupe. Hiyo si ile ya biashara. Usiikate msituni ukidhani umepata miche ya bure: haitakuletea mnunuzi, na kutoa mimea katika msitu uliohifadhiwa bila kibali ni kosa kisheria.

Je, shamba lako linafaa?

Vanila hupenda joto, hewa yenye unyevu na mvua ya milimita 1,500 au zaidi kwa mwaka. Sehemu nyingi za Kwale hazifikishi kiasi hicho. Mkulima wa Shimba Hills, au wa ukanda wa Msambweni mwenye kisima kisichokauka, anaweza kujaribu. Mkulima wa maeneo makavu ya Kinango anayetegemea mvua peke yake atapoteza pesa zake. Heri aziweke kwenye mtama, pojo au mbuzi.

Kivuli nacho kina kipimo. Vanila hutaka nusu jua, nusu kivuli. Jua kali huunguza majani yakawa ya manjano. Kivuli kizito cha mwembe mkubwa hulea mmea wa kijani unaopendeza ila hauchanui. Miti ya kuegemea iliyo rahisi ni mbono na glirisidia, kwa kuwa huota haraka kutokana na vijiti na hukubali kupogolewa. Ipande mwaka mmoja kabla ya vanila, au angalau miezi sita, iwe imeshika ardhi.

Kupanda

Tumia kipande cha shina chenye afya, cha urefu wa mita moja hadi moja na nusu. Kiache kivulini kwa muda wa wiki moja ili kidonda cha mkato kikauke. Vaa glavu unapokata, kwani utomvu wake huwasha ngozi.

Masika yakishaingia na udongo ukawa umelowa, ondoa majani matatu au manne ya upande wa chini. Laza sehemu hiyo juu ya udongo karibu na mti wa kuegemea, kisha uifunike kwa majani makavu na mboji. Usiifukie ndani sana. Mizizi ya vanila hukaa karibu na juu, na ikizama kwenye maji yaliyotuama huoza. Sehemu iliyobaki ifunge kwenye mti kwa kamba ya mgomba. Acha nafasi ya mita mbili hivi kutoka mmea hadi mmea.

Matandazo ndiyo chakula na blanketi la mmea huu. Pwani hatukosi: makumbi ya nazi yaliyokwisha kuoza, majani ya mkorosho, nyasi kavu. Ongeza kila yanapopungua, na usilime kwa jembe karibu na shina. Mmea ukipita urefu wa mtu, uteremshe taratibu na kuupitisha kwenye tawi la chini. Kuupinda hivyo husaidia kuleta maua, na maua hayo utayafikia bila ngazi.

Asubuhi moja tu

Maua ya kwanza hutokea kwenye mwaka wa tatu hivi. Hapa ndipo wengi hukwama. Kila ua hufunguka alfajiri na kunyauka siku hiyo hiyo. Wadudu wanaolichavusha kwao Mexico hawako huku, kwa hiyo kazi hiyo ni ya mkono wa mkulima, na ni lazima imalizike kabla ya adhuhuri.

Njia inayotumika duniani hadi leo iligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na Edmond Albius, mvulana mtumwa wa miaka 12. Ugunduzi wake ulizalisha utajiri mkubwa katika visiwa vya Bahari ya Hindi. Yeye mwenyewe alikufa maskini mwaka 1880.

Hatua zake ni hizi:

1. Shika ua kwa mkono mmoja. Kwa kijiti chembamba kama cha kuchokolea meno, pasua kidogo petali iliyojikunja kama faneli.
2. Ndani utaona utando mdogo unaotenganisha chavua na sehemu ya kike. Uinue kwa kijiti.
3. Kwa kidole gumba, bonyeza chavua taratibu hadi iguse sehemu ya kike, kisha uachie.

Ua lililoshika hubaki kwenye kikonyo chake. Lisiloshika huanguka baada ya siku moja au mbili. Usichavushe maua yote: manane hadi kumi kwa kila kishada yanatosha. Ukiulazimisha mmea kubeba kupita kiasi, matunda huwa membamba na mmea wenyewe hudhoofika.

Kuvuna na kukausha

Tunda hukomaa baada ya miezi minane hadi tisa. Livune ncha yake inapoanza kugeuka manjano. Hofu ya wezi huwafanya wakulima wa nchi nyingi wavune mapema, na tunda changa halina harufu ya kutosha wala bei. Jirani zetu wa Uganda wamelazimika kutangaza tarehe rasmi za kuvuna ili kukomesha jambo hilo.

Tunda bichi halinukii. Hutumbukizwa kwenye maji ya nyuzi 65 kwa dakika tatu hivi, likafungwa ndani ya blanketi lipate jasho, likaanikwa juani saa chache kila siku kwa wiki moja au mbili, kisha likakaushwa kivulini kwa miezi kadhaa. Takriban kilo sita za matunda mabichi hutoa kilo moja iliyokauka.

Hesabu kabla ya kununua miche

Tuseme una mimea 20, na katika mavuno ya kwanza kila mmoja umekupa nusu kilo. Hizo ni kilo 10 za matunda mabichi. Zikikaushwa hazifiki kilo mbili.

Sasa tazama bei. Soko la dunia hufuata hali ya Madagascar, nchi inayozalisha vanila nyingi kuliko nyingine. Kimbunga kikipita huko, bei hupaa. Wakulima wa kila mahali hupanda kwa wingi, na mavuno yao yanapofika sokoni kwa pamoja, bei huanguka. Mnamo 2003 na 2004 bei ilipaa, na kufikia 2005 ikawa imeporomoka. Mwaka 2018 kilo moja iliyokauka ilipita dola 500 za Marekani. Miaka mitano baadaye ilikuwa imeshuka chini ya dola 100 katika mauzo mengi. Anayekuuzia miche kwa kukutajia bei ya leo anakutajia bei ambayo huenda isiwepo siku utakapovuna.

Kwa hiyo anza na mimea 10 au 20 kwenye ile pembe yenye kivuli. Usikate mkorosho wala mnazi unaokulipia karo ili kupisha vanila. Usikope pesa kununua miche. Muulize muuzaji miche yake imetoka wapi na kama imekaguliwa na KEPHIS, kwa kuwa ugonjwa wa kuoza mizizi huingia shambani na kipande kimoja kibovu na ukishaingia ni vigumu kuutoa. Muulize pia nani atanunua matunda, na akuonyeshe kwa maandishi.

Kabla ya kulipa, mwite afisa wa kilimo wa wadi yako aje kuliona shamba: maji, udongo na kivuli. Akikuambia shamba lako halifai, amekuokolea miaka minne.