Kabichi ya Dakika Tano

Waliosoma bweni huikumbuka kabichi kwa pua kabla ya ulimi. Imechemka tangu saa nne asubuhi, imegeuka rangi ya maji ya mfereji, nayo harufu yake inamfuata mwanafunzi hadi darasani. Wengi walimaliza shule wakiapa kutoigusa tena. Kosa halikuwa la mboga. Majani ya kabichi yana viambata vyenye salfa, na kadiri yanavyokaa motoni ndivyo salfa hiyo inavyozidi kutoka na kunuka. Anayeipika dakika tano hapati harufu ile.

Ukoo wa kabichi ni mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kabichi, sukuma wiki, koliflawa na brokoli ni mmea wa aina moja, ila wakulima wa karne nyingi walichagua mbegu kila mmoja apendavyo, huyu akitaka majani, yule akitaka maua. Chainizi na figili ni binamu zao. Mchicha, ingawa hupangwa nao meza moja sokoni, hauhusiani nao.

Kwa bei yake, kabichi inalisha vizuri. Gramu 100 za kabichi mbichi zina takriban miligramu 36 za vitamini C, na mtu mzima huhitaji kama miligramu 45 kwa siku. Sukuma wiki inaipita mbali. Tena kalsiamu ya sukuma mwili huichukua kwa urahisi, tofauti na ile ya spinachi, ambayo hufungwa na asidi iliyomo kwenye majani yake. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku, na nusu kichwa cha kabichi kwa nyumba ya watu wanne ni mwanzo mzuri.

Kazi huanzia kwenye beseni. Wakulima hupiga dawa mara kwa mara kwa sababu viwavi wanaipenda kabichi kuliko sisi, kwa hiyo majani ya nje yatolewe na kichwa kioshwe kwa maji yanayotiririka. Sukuma huoshwa jani moja moja, na upande wa chini usisahaulike maana ndiko vidukari hujificha. Kuosha kutangulie kukata. Mboga iliyokatwa kisha ikalowekwa huacha vitamini C yake ndani ya maji yanayomwagwa.

Ikishakatwa nyembamba, iachwe itulie robo saa au zaidi. Kisu kinapopasua jani, kimeng'enya kilichomo hukutana na vile viambata vya salfa na kuunda vitu vipya, kimojawapo sulforafani, ambayo watafiti wanaichunguza kuhusu kinga dhidi ya saratani. Moto ukiwahi, kimeng'enya hufa kabla ya kufanya kazi yake. Muda huo unatosha kumenya tangawizi, kukwaruza karoti na kukata kitunguu.

Sasa sufuria pana, vijiko viwili vya mafuta, moto wa wastani. Kitunguu kilegee bila kuungua, kisha tangawizi, karoti na hoho. Kabichi iingie na chumvi kidogo tu. Maji ya nini? Chumvi itavuta ya kabichi yenyewe. Funika dakika tatu, geuza, subiri mbili, epua ikiwa bado inalia kidogo chini ya meno, halafu kamulia ndimu. Mpishi wa Pwani atamalizia na tui zito. Sukuma hupikwa vivyo hivyo kwa nyanya, na mafuta yake ni ya lazima, kwani bila mafuta mwili haupati sawasawa ile rangi ya majani unayoigeuza kuwa vitamini A. Figili chungu hutulizwa na karanga za kusaga. Magadi yaachwe: majani hubaki ya kijani, lakini vitamini C inateketea.

Wachache wana tahadhari zao. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda iitwayo warfarini asibadili ghafla kiasi cha mboga hizi kabla ya kuongea na daktari, kwa sababu vitamini K yake hupingana na dawa. Nyumba inayokula nyingi mbichi itumie chumvi yenye madini joto. Na kipindupindu kikiingia mtaani, kachumbari ya kabichi isubiri.

Watoto wanaokunja uso je? Mwaka 1768 nahodha James Cook aliondoka Uingereza na shehena ya kabichi iliyochachuliwa kwa chumvi ili kuzuia kiseyeye. Mabaharia waliikataa. Hakuwagombeza, aliamuru iandaliwe kila siku kwenye meza ya maofisa, na mabaharia waachiwe wachague wenyewe. Katika muda wa wiki moja tu ikabidi igawiwe kwa kipimo.