Pampu Ikivuma Bila Kuzunguka, Anza na Waya

Pampu ya kisima ikivuma tu bila kuzunguka, watu hulaumu mota. Mimi huanza kwa kukagua waya. Kwenye mashamba ya Kibaha na Bagamoyo ninakofunga pampu, kisima huwa mbali na nyumba, na waya iliyovutwa hadi huko mara nyingi ni ya 2.5 (milimita za mraba), ileile ya soketi za sebuleni.

Kila waya ina ukinzani, hata ya shaba safi. Umeme ukipita, sehemu ya volti huishia njiani na kugeuka joto. Urefu wa waya na ampea huongeza upotevu huo, unene huupunguza.

Ukipima kisimani pampu ikiwa imezimwa, utasoma volti 230 na kudhani mambo ni shwari. Kipimo hicho hakikwambii kitu, maana mkondo usipopita hakuna kinachopotea. Fundi apime pampu ikiwa kazini, kwenye breka ya nyumbani kisha kisimani. Tofauti ya namba hizo ndiyo upotevu.

Kabla ya kununua waya, piga hesabu. Waya ya shaba ya 2.5 hupoteza takriban milivolti 18 kwa kila ampea kwa kila mita, kwenda na kurudi kukiwa kumeshahesabiwa. Pampu ya ampea 8 iliyo mita 80: 18 × 8 × 80 ni milivolti 11,520, yaani volti 11.5. Hiyo ni 5%, kikomo cha kanuni za Uingereza za BS 7671 ninazozifuata. Kwa taa ni 3%.

Tatizo kubwa liko kwenye kuwaka. Mota inapoanza huweza kuvuta ampea mara tano ya kawaida. Kwa ampea 40, zinapotea volti 57 hivi; kisimani zinabaki kama 170. Mota inashindwa kuanza, inachemka, mwishowe inaungua. Waya ya 6 hupoteza milivolti 7.3 tu kwa kila ampea kwa kila mita: volti 4.7 pampu ikiwa kazini, 23 inapowaka.

Wenye sola ya volti 12 wawe makini zaidi. Ampea 10 kwenye mita 10 za waya ya 2.5 hupoteza volti 1.8, ambayo ni 15% nzima!

Pima umbali kwa futikamba, soma ampea kwenye kibandiko cha pampu, umpe fundi namba hizo. Akikutajia saizi ya waya bila kuziuliza, tafuta fundi mwingine.