Somo la Robo Hii: Vijana Wetu Shule Zilipofungwa

Soma kwanza: Luka 2:41-52



Mwaka 2020, wakati wa korona, rafiki mmoja wa usharika wetu anayeishi Ujerumani alituandikia barua ya kutujulia hali. Ndani yake aliuliza swali lililotufanya tutazamane. Alitaka kujua tunawezaje kukaa ndani kutwa nzima na vijana wa miaka kumi na minne na kumi na sita, maana yeye na wanawe walikuwa wamefungiwa katika nyumba ya ghorofa na walikuwa wamechokana. Barua ilisomwa kwenye kikao cha wazee wa kanisa hapa Kwai. Mama mmoja akasema, "Mjibuni kwamba sisi wa kwetu hatuwaoni." Watu walicheka, kisha kicheko kikaisha chenyewe.

Somo hili limetokana na jibu la mama huyo. Tumelichelewesha miaka kadhaa, kwa sababu wengine wetu, mimi nikiwemo, tulikuwa na aibu ya kulisema.

Tukumbushane kwanza mambo yalivyokwenda. Mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Siku ya pili yake Waziri Mkuu, Mheshimiwa Kassim Majaliwa, alitangaza kufungwa kwa shule kwa siku 30, na baadaye muda ukaongezwa. Kidato cha sita na wa vyuo walirudi tarehe 1 Juni, na waliobaki tarehe 29 Juni. Ukihesabu tangu siku ya tangazo ni siku 104. Wenzetu wa Kenya, kwa madarasa mengi, walisubiri hadi Januari 2021, na shule za Uganda hazikufunguliwa zote hadi Januari 2022, kwa hiyo mtu anaweza kusema sisi tulipata nafuu. Ni kweli. Lakini siku 104 katika umri wa miaka kumi na tano zinatosha mtoto kuzoea maisha mengine.

Tena hapa kwetu watu hawakufungiwa ndani. Makanisa na misikiti iliendelea kuwa wazi, masoko yaliendelea, malori ya mboga yaliendelea kushuka Soni hadi Mombo na kuelekea Dar es Salaam. Tuliweka vibuyu chirizi na ndoo za maji tiririka mlangoni mwa kanisa, tulivaa barakoa za kitambaa, wengine walijifukiza nyungu. Shule ndiyo iliyofungwa, na ilifungwa masika yakianza, yaani wakati ambao kila nyumba ya mlimani inatafuta mikono ya kushika jembe. Kijana aliyerudi na daftari zake hakukuta nyumba iliyofungwa. Alikuta shamba linamsubiri, na kule barabarani dalali anamsubiri.

Sasa tuiangalie habari ya Luka. Yesu alikuwa na miaka kumi na miwili. Wazazi wake walikuwa watu wacha Mungu, waliokwenda Yerusalemu kwa Pasaka kila mwaka. Hawakuwa walevi wala wazembe. Waliporudi, mtoto alibaki mjini, nao wakatembea mwendo wa kutwa bila kujua, kwa sababu kila mmoja aliamini kijana yuko na wenzake, pamoja na ndugu na jirani. Jioni ndipo walipoanza kumtafuta. Wakarudi walikotoka, na baada ya siku tatu wakamkuta hekaluni.

Wahubiri wengi huzungumzia hekalu na majibu ya yule mtoto. Mimi naomba tubaki kidogo pale njiani, kwenye ule mwendo wa kutwa. Yusufu na Mariamu hawakumtupa mtoto. Walimwamini, wakauamini na msafara. Katika milima yetu kulea kwa msafara ndiyo desturi: mtoto akiwa kwa shangazi, kwa babu au kwa jirani, yuko nyumbani. Desturi hii ni njema na imetulea wote. Ila mwaka ule tuligundua kitu ambacho hatukuwa tumekifikiria: kwamba ilikuwa imebaki sehemu moja tu ambapo jina la kila kijana linaitwa kila asubuhi naye anaitika, nayo ni shule. Daftari la mahudhurio lilipofungwa, hapakuwa na mtu mwingine anayeita majina. Mama alidhani yuko kwa bibi. Bibi alidhani yuko shambani na baba. Baba naye, ngoja niseme habari zangu.

Kijana wangu alikuwa kidato cha pili. Wiki mbili za kwanza alilima nami, tukapanda maharage, na jioni nilimwambia asikilize vipindi vya masomo redioni. Redio ilikuwa moja, na betri zilipoisha sikununua nyingine. Mvua zilikuwa nyingi mwaka ule. Kisha akaniomba aende na wenzake kupakia kabichi na viazi kwenye malori, nami nikamruhusu, maana ni kazi halali na wote tumeifanya. Malori hupakiwa jioni na kuondoka usiku ili mzigo ufike sokoni alfajiri. Akaanza kurudi saa tano usiku, kisha saa nane, kisha akaanza kulala huko huko kwenye viroba. Mama yake alilalamika. Nikamjibu kwamba kijana wa kiume hafungwi kamba.

Sikumwambia mke wangu jambo moja. Bei ya kabichi ilikuwa imeshuka. Dalali alituambia kwamba shule za bweni na mahoteli hazinunui tena. Kijana alikuwa akinipa fedha. Mara ya kwanza alinipa mwenyewe, kwa heshima, kwa mikono miwili. Mara ya pili nilimwomba ya mbolea. Mara ya tatu nilimwomba ya sukari. Baba anayemwomba mwanawe sukari hawezi tena kumuuliza amelala wapi.

Shule zilipotangazwa kufunguliwa alikuwa ameshanunua simu na alikuwa amesafiri na lori hadi Dar es Salaam mara mbili bila mimi kujua. Nilipomwambia aandae sare, aliniambia, bila ukali, "Baba, nikirudi shule mbolea ya vuli tutanunua na nini?" Nilikasirika sana. Leo najua nilikasirika kwa sababu swali lilikuwa la haki.

Nilitaka kumchapa. Aliyeniokoa ni mke wangu, ambaye alinikumbusha kwamba Mariamu alipomkuta mwanawe alianza kwa kuuliza, akamweleza na uchungu alioupata kumtafuta. Basi tukakaa watatu jikoni, moto ukiwa umewashwa kwa sababu ya baridi ya Juni, na kwa mara ya kwanza nilimwonyesha kijana wangu hesabu za shamba: mbegu kiasi gani, deni kiasi gani, tunatarajia nini. Alishangaa kwamba deni ni dogo kuliko alivyodhani. Alikuwa akifikiri tunazama. Alirudi shule wiki moja baada ya wenzake. Jumamosi aliendelea kupakia, mchana tu, kwa makubaliano. Hapo nisieleweke vibaya: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14 na inakataza kumfanyisha mtoto kazi usiku. Kwa hiyo yale malori ya saa nane usiku yalikuwa kosa hata kisheria, na kosa hilo tulilifanya wazazi wengi kwa pamoja, ndiyo maana hakuna aliyeliona.

Hiyo ni habari ya mvulana, na ilikwisha salama. Habari za mabinti zilikuwa nzito zaidi, nami nitazisema kwa kifupi ili nisimtambulishe mtu. Lushoto kwa miaka mingi imekuwa mahali ambapo watu wa mijini hutafuta wasichana wa kazi za ndani. Katika miezi ile walikuja wageni wenye maneno mazuri: binti akakae kidogo tu, shule zikifunguliwa atarudi. Mzazi aliyeona shule haijulikani itafunguliwa lini alikubali, tena alishukuru. Darasa letu la kipaimara lilikuwa limesimama wiki kadhaa kwa kuogopa msongamano, na lilipoanza tena, mwinjilisti aliita majina. Binti mmoja hakuitika. Wenzake walisema yuko Tanga. Mama yake alisema yuko Dar es Salaam. Mwingine alikuwepo nyumbani, lakini alikuwa mjamzito, na alikuwa haji kanisani kwa aibu.

Kwa utaratibu wa wakati ule binti huyu wa pili hakuweza kurudi kwenye shule yake. Tarehe 24 Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha masomo kwa sababu ya ujauzito waruhusiwe kurudi katika shule za kawaida. Tangazo hilo lilifika kwetu polepole, na nakutana bado na wazazi wanaoamini kwamba binti akishajifungua shule imekwisha. Wanakamati, naomba hili mlitangaze kanisani kwa lugha nyepesi, na kwa Kishambaa kwa wazee wetu. Wazazi pia wajue kwamba tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Mazungumzo ya kumaliza mambo nyumbani kwa mbuzi na blanketi hayamsaidii binti.

Yule aliyepelekwa mjini tulimpata, kwa sababu tuliuliza. Mzee mmoja wa kanisa ana jamaa katika usharika wa huko, wakapigiana simu, mama wawili wa kule wakamtembelea. Alirudi Agosti. Ilituchukua zaidi ya mwezi, na nauli ilitoka kwenye sadaka ya kikombe cha mchele ambayo akina mama walikuwa wakiikusanya kwa ajili ya jambo jingine kabisa. Jambo hilo jingine likasubiri.

Kwa wafadhili wetu naomba niseme hapa neno moja. Katika miezi ile mlituma msaada wa sabuni, ndoo na vitambaa vya barakoa, na tunashukuru, maana mikono ilinawishwa. Lakini kama mngetuuliza mwezi Mei tunahitaji nini kwa ajili ya vijana, tungejibu vibaya. Tungesema vitabu na redio. Kumbe tulihitaji daftari moja la shilingi mia chache, lenye jina la kila kijana wa mtaa, na watu wawili wa kulipitia kila wiki nyumba kwa nyumba, pamoja na akiba ndogo ya nauli. Tangu mwaka ule mtaa wetu una daftari hilo. Majirani zetu Waislamu walituuliza kwa nini tunaandika watoto wa kanisa tu, tukaona wana haki, sasa watoto wao wamo pia, na mmoja wa wanaopita nyumba kwa nyumba ni mwalimu wa madrasa. Likizo ndefu ikianza, ndipo daftari linapofanya kazi zaidi.

Maswali ya kikao. Someni Luka tena, kisha kila mmoja aseme bila kuwaangalia wengine: kijana wangu alilala wapi juzi, na nimejuaje? Wazazi wenye vijana wanaoleta fedha nyumbani waulizwe kwa upole fedha hiyo inafanya kazi gani, na kijana ameelezwa nini kuhusu hesabu za nyumba. Mwinjilisti alete orodha ya kipaimara ya mwaka 2020 na kuisoma jina kwa jina. Kwa kila jina ambalo hakuna ajuaye alipo, kamati ichague mtu wa kuuliza, na iandike tarehe ya kuleta jibu.