Utunzaji wa Vitambaa vya Mfarishi

Mfarishi ni tandiko au blanketi lililoshonwa kwa vipande vingi vya nguo. Aghalabu vipande hivyo ni mabaki: pindo la kanga iliyochakaa, mgongo wa shati ambalo ukosi wake umekwisha, au ncha zilizoanguka chini ya meza ya fundi wa nguo. Kipande kimoja peke yake hakifai kitu. Lakini vikikusanywa na kuunganishwa, humfunika mtu mzima wakati wa baridi. Wala mabaki hayo hayapatikani kwa siku moja. Huja kidogo kidogo, pengine kwa muda wa miaka miwili au mitatu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mshonaji si kushona, bali ni kuweka.

Ushonaji huu wajulikana sana kwa Wasidi wa jimbo la Karnataka, katika nchi ya India. Wasidi ni watu wenye asili ya Afrika. Wareno waliutwaa mji wa Goa mwaka 1510, na baadaye Waafrika wengi walipelekwa huko katika utumwa. Baadhi yao walitoroka, wakajificha katika misitu iliyo upande wa kusini. Hata leo wanawake wa Kisidi hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa nguo kuukuu za jamaa zao. Huanza pembeni, wakizunguka kwa mishono midogo, hata wafike katikati. Katika nchi hiyo mvua kubwa huanza mwezi wa Juni na kuendelea mpaka Septemba, na nyumba isiyo na cha kujifunika huona taabu.

Basi mshonaji akiwa Karnataka, au Unguja, au Bukoba, adui za vitambaa vyake ni wale wale. Watu wengi hudhani ya kuwa nguo huharibika kwa kuvaliwa tu. Sivyo. Nguo nyingi huharibika zikiwa zimelala sandukuni.

Adui wa kwanza ni unyevu. Kitambaa kikiwekwa kabla hakijakauka vizuri, huota ukungu, nao huacha madoa meusi yasiyotoka kwa sabuni. Adui wa pili ni uchafu. Nondo arukaye hali nguo. Walao ni watoto wake, walio kama viwavi wadogo. Chakula chao ni sufu na hariri, kwa kuwa vitu hivyo hutoka kwa wanyama. Pamba hawaipendi, lakini ikiwa na jasho au mafuta ya chakula, huweza kuitoboa. Mende nao hupenda wanga uliotiwa katika nguo ili ikakamae. Adui wa tatu ni jua. Mwanga wake hufifisha rangi, na kitambaa kikikaa karibu na dirisha, upande mmoja hupauka na mwingine hubaki kama ulivyokuwa. Adui wa nne ni kutu. Pini moja iliyosahauliwa ndani ya kitambaa huacha doa la rangi ya udongo.

Mshonaji mwenye busara huwashinda adui hao kwa taratibu. Kwanza hufua kila kitambaa, hata kilicho kipya, kabla ya kukiweka. Pamba mpya hurudi ikifuliwa. Kama haijarudi kabla ya kushonwa, itarudi baadaye na kuukunja mfarishi wote. Kitambaa chekundu au cha buluu hulowekwa peke yake kwanza, ili ijulikane kama rangi yake hutoka. Kisha huvisuuza vyote mpaka sabuni iishe, wala havitii wanga. Huvianika mahali penye upepo na kivuli, na kabla ya kuvikunja hungoja hata vipoe na kukauka kabisa.

Pili, hutenga kwa aina. Sufu na hariri huwa mahali pao, na pamba mahali pake. Hivyo nondo wakiingia upande mmoja, upande wa pili husalimika. Baada ya aina huja ukubwa. Vipande vikubwa hukunjwa kwa kuzungushwa juu ya ubao mmoja, ili vyote viwe na upana ulio sawa, kisha husimamishwa kama vitabu katika rafu. Kila kimoja huonekana, na kimoja kikitolewa vingine havianguki. Vipande vidogo hukatwa kwa kipimo kimoja na kufungwa kwa uzi, ishirini ishirini. Mwisho hupangwa kwa rangi, vyeupe kwanza na vyeusi mwisho. Kitambaa kisichoonekana ni sawa na kisichokuwapo, maana mwenyewe atanunua kingine.

Tatu, huchagua mahali. Sanduku huinuliwa juu ya matofali, mbali kidogo na ukuta, lisifikiwe na mchwa wala unyevu wa sakafu. Ndani yake hutandikwa kitambaa cheupe kuukuu kilichofuliwa. Magazeti hayafai, kwa sababu wino wake huambukiza nguo. Mfuko wa plastiki uliofungwa kabisa nao haufai, kwa kuwa unyevu uliomo hauna njia ya kutoka. Watu wengine hutia kafuri katika sanduku. Kafuri ni sumu ikimezwa, basi iwekwe mbali na watoto, wala isidhaniwe kuwa yatosha badala ya kufua.

Nne, hukagua. Kila baada ya miezi mitatu hutoa vyote, akavikung'uta na kuvipunga hewa kivulini. Akivirudisha, huvikunja penginepo, kwa sababu nyuzi hukatika upesi pale palipokunjwa siku zote.

Huenda mwanafunzi akasema ya kuwa taabu hii ni kubwa mno kwa ajili ya matambaa. Na apige hesabu. Mfarishi wenye urefu wa mita 2 na upana wa mita 1 na nusu, ukishonwa kwa vipande vya mraba vyenye sentimita 10 kila upande, una safu 20 za vipande 15, yaani vipande 300. Vipande 60 tu vikiingia ukungu, safu 4 hukosekana, na mfarishi hupungua sentimita 40. Mtu mzima akifunika mabega yake, miguu hubaki nje. Wala vipande hivyo havipatikani tena dukani, kama vilikuwa vya kanga ya bibi aliyekwisha kufariki.

Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba kilichotoboka hakijai kamwe.

Maswali

1. Kwa nini kuweka ni kazi ya kwanza ya mshonaji wa mfarishi?
2. Wasidi ni watu gani, na mifarishi yao huitwaje?
3. Taja adui wanne wa vitambaa, na madhara ya kila mmoja.
4. Kwa nini kitambaa kipya hufuliwa kabla ya kuwekwa?
5. Mfarishi una urefu wa mita 1 na upana wa mita 1. Ukishonwa kwa vipande vya mraba vya sentimita 10, utahitaji vipande vingapi? Vipande 30 vikiharibika, zitakosekana safu ngapi?