Helmeti Nyuma ya Mlango

*Mjomba, shikamoo. Nina miaka 41, nimepanda pikipiki tangu 2009. Machi mwaka huu niliteleza kwenye kona nikishuka kutoka Soni, mtulinga wa kulia ukavunjika. Mke wangu aliniapisha nisipande tena. Sasa usiku naisukuma hadi barabarani ndipo napiga kiki, nazunguka kidogo, narudi. Helmeti naiacha, maana imetundikwa nyuma ya mlango wa chumbani. Vidole bado vinakufa ganzi. Niiuze? Naona nikiiuza nitazeeka siku hiyohiyo. – Wa Usiku, Mombo*

Marahaba, mpwa wangu, na pole kwa bega.

Sitakuhubiria. Wanaoisema vibaya pikipiki hawajawahi kuliacha joto la Mombo chini, wakapinda kona moja baada ya nyingine, mpaka pale Soni baridi ikawaingia mikononi mwa shati. Nami nilipanda miaka 16. Kwenye kona huwazi ada wala kodi ya nyumba. Hicho ndicho unachokililia, wala si utoto.

Lakini isome tena barua yako. Safari za mchana ulizoziacha zilikuwa na helmeti, mwanga, na watu wa kukuokota. Hizi ulizobakiza hazina hata kimoja. Kiapo chako hakijakutoa barabarani, kimekuvua helmeti tu. Mwendo wa kilometa 60 kwa saa ni karibu mita 17 kila sekunde. Mbuzi akilala kwenye lami, utamfikia kabla hujajua kama ni mbuzi.

Halafu kuna hivyo vidole. Breki ya mbele iko mkono wa kulia, nayo ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi, kwa kuwa ukikamata breki uzito unaegemea mbele. Mkono huohuo ndio unaokufa ganzi! Basi suala la kuuza lisubiri. La kupanda usiku wa leo halisubiri: usipande. Rudi hospitali wakuangalie mishipa ya fahamu, na daktari akikuuliza, usimjibu "naendelea vizuri".

Kisha kaa na mama watoto, umweleze habari za usiku kabla jirani hajamweleza. Atakasirika, na ana haki. Bila shaka ndiye aliyekuwa akikufunga vifungo vya shati mkono ukiwa kwenye tanji. Mkono ukipona, amueni pamoja. Mkikubaliana upande, iwe mchana, mkanda wa helmeti umefungwa, naye anajua unakoelekea. Msipokubaliana, uza. Ila usimkabidhi mtu funguo ukadhani imekwisha: hamisheni umiliki TRA, yasije yakatokea ya kutokea huko jina likawa bado lako.

Yangu niliiuza nilipoona naziogopa kona nilizozizoea. Mnunuzi alipiga kiki mara tatu, haikuwaka. Nikamwambia avute choki kwanza. Ikanguruma, akaondoka nayo, nami nikabaki nimeshika kitambaa cha kuifutia. Sikuzeeka siku ile, ila usingizi ulinipaa kwa wiki kadhaa.

Siku hizi napanda Lushoto kwa basi, kiti cha dirishani. Kila kona mwili unaegemea wenyewe. Juzi abiria wa pembeni aliniuliza kama nasikia kichefuchefu.

Wako, Mjomba