Mtoto Anapocheua: Maziwa Yanarudije?

Mtoto wa miezi miwili amenyonya akashiba. Anawekwa begani, na mara maziwa yanamtoka na kulowesha khanga. Yeye hana habari, lakini mama ameingiwa na hofu. Kabla ya kutafuta dawa, tujiulize kwanza: maziwa hayo yamerudije?

Maziwa hushuka tumboni kupitia umio. Pale umio unapokutana na tumbo pana msuli wa mviringo, unaofunguka tunapomeza kisha ukajifunga. Hata kwa mtu mzima msuli huo hulegea mara kwa mara bila sisi kumeza, na ndivyo tunavyobeua. Kwa mtoto mchanga, chakula chote ni cha majimaji, umio ni mfupi na muda mwingi amelala. Hewa ikipanda, maziwa huifuata. Ndiyo maana watoto wengi hucheua, zaidi wakiwa na miezi minne hivi, na walio wengi huacha wanapokaribia mwaka, wakishaanza kukaa, kusimama na kula vyakula vizito.

Kiasi nacho hupotosha macho. Mwaga kijiko kimoja cha chai cha maziwa, yaani mililita 5, juu ya kitambaa uone doa linavyotanda. Kipimo cha kuaminika ni mtoto mwenyewe. Ikiwa ananyonya kwa hamu, analowesha nepi sita au zaidi kwa siku, na mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki unapanda, kucheua kwake si ugonjwa.

Sasa tazama kilichotoka, maana kinaeleza kilikopitia. Mabonge meupe ni maziwa yaliyogandishwa na asidi ya tumbo. Hayo ni ya kawaida. Nyongo ni habari nyingine. Yenyewe humwagika kwenye utumbo mwembamba, chini ya tumbo. Mtoto akitapika nyongo hiyo ya kijani, huenda utumbo umeziba au umejisokota, na hapo ni kukimbilia hospitali saa ileile.

Tazama pia nguvu ya kutapika. Tumbo lina mlango wa chini wenye msuli wake, na kwa watoto wachache, hasa kati ya wiki ya 2 na ya 8, msuli huo hunenepa hata njia ikafungwa. Tumbo likisukuma, maziwa hukosa pa kupita isipokuwa juu, yakaruka mbali kwa kishindo. Muda mfupi baadaye mtoto ana njaa tena. Hali hii hutibiwa kwa upasuaji, na watoto hupona vizuri.

Kunyonya nako ni kazi: kufyonza, kumeza na kupumua, vyote kwa zamu. Mtoto asiposhika titi vizuri humeza hewa na kuchoka kabla ya kushiba, na chuchu za mama huchubuka. Mkunga anaweza kuwaelekeza wote wawili. Anayepaliwa karibu kila anaponyonya huenda maziwa yanaingia njia ya hewa. Anayehema, kutoka jasho au kuwa na midomo ya buluu anaponyonya apelekwe hospitali bila kuchelewa, maana shida huenda iko kwenye moyo au mapafu.

Nyumbani, msaidie kubeua katikati na mwisho wa kunyonya, kisha mshike wima kwa muda. Usimpe uji kabla ya miezi sita ili maziwa yawe mazito. Na mlaze chali, hata kama anacheua. Njia ya hewa iko mbele ya umio. Akilala chali, njia hiyo huwa juu ya umio, na maziwa yangelazimika kupanda ili yaifikie. Akilala kifudifudi mpangilio hugeuka, na hatari ya kifo cha ghafla usingizini huongezeka.

Damu katika matapishi au choo, homa, utosi uliotuna, kukataa titi, uzito uliosimama, au kutapika kunakoanza baada ya miezi sita: lolote kati ya hayo linatosha kumpeleka kwa daktari. Mama asione haya kwenda, hata kama ataambiwa mtoto ni mzima.